Mama kaulizwa hati ya mshahara

Tabu, nimechoka. Ndiyo tumerudi na Mama kutoka kwenye zile nyumba za bei nafuu.

Zile zilizojengwa kwenye shamba lake la mtama. Si walituahidi kwamba tuliopisha mradi tutafikiriwa kwanza?

Dada wa mauzo akamuuliza, "Bibi, una hati ya mshahara?"

Hati ya mshahara, Tabu! Mama yangu, mkulima maisha yake yote!

Mama akamjibu taratibu, "Mwanangu, mshahara wangu ulikuwa hapo uliposimama."

Watu wakacheka, wakidhani anatania. Yule dada naye akacheka. Nilitamani ardhi inimeze.

Tukatoka. Nje Mama akaona mlenda umeota kando ya ukuta, akainama kuchuma. Mlinzi akaja mbio: "Bibi, hapa hairuhusiwi!"

Nikaanza kumfokea. Mama akanishika mkono, akamwambia, "Tusamehe, baba."

Tusamehe! Mama ndiye kaomba msamaha!

Sasa tuko chumbani kwangu Majengo. Kumbe mlenda kidogo aliuficha kwenye khanga, anauchambua. Ananiambia niache simu, niwashe jiko, ugali hautajisonga.