Geti la Mwenyekiti Liko Wazi

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Irine karudi kutoka semina Makambako. Ni binti wa dada yangu, katibu wa kikundi chetu cha wakulima wa parachichi. Mwenyekiti ni mimi – nani mwingine? Kakaa hotelini anakunywa chai ya maziwa, karudi na fulana mpya na maneno mapya. Eti kiongozi anayetaka watu wamfuate ana njia tatu: yeye mwenyewe aaminike, aguse mioyo, atoe hoja yenye ushahidi. Ukiacha moja, hotuba inachechemea.

Nilicheka mpaka chai ikanitokea puani. Mimi niliizuia treni pale Makambako, kwa mdomo mtupu, mpaka shangazi akamaliza kununua vitumbua! Dereva alishuka akaniomba radhi. Semina gani ilinifundisha?

Sawa mjomba, akasema Irine, ila treni haina shamba la parachichi.

Mtoto ana mdomo huyu. Kautoa kwetu.

Jumatano, 6 Novemba

Malori yameanza kuzunguka vijijini. Madalali wanataka parachichi sasa hivi, changa hivyo hivyo. Na kampuni inayotusafirishia nje ilishasema: subirini zikomae. Tukipeleka changa tena kama mwaka jana, mkataba umekufa. Miaka yote ile ya kumwagilia miche kwa ndoo – basi tena!

Jumamosi mkutano. Nitawaliza. Watu wetu ukishawaliza umewamaliza. Hoja waachiwe wenye miwani.

Jumamosi, 9 Novemba

Ukumbi wa kanisa ulijaa. Nikaanza na machozi. Nikasimulia jinsi baba alivyokata roho kaukumbatia mche wa parachichi, akisema mwanangu, usiuze haraka. (Baba alifariki kabla parachichi hizi hazijafika huku. Lakini moyo haukagui tarehe.) Consolata, pale mstari wa mbele, akafuta macho kwa khanga. Nikajua tayari!

Mara mzee Ezekieli akasimama, na kile kisauti chake cha mbuzi. Pole sana mwenyekiti, tumelia, lakini shule hawapokei machozi kama ada. Lori likija kesho, mimi nauza. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kunicheka mimi! Watu ambao bila mimi wangekuwa bado wanalima ulezi.

Irine akatoa parachichi moja kwenye mkoba. Alilichuma changa wiki mbili nyuma. Halikuiva – limenyauka kama sikio la kikongwe. Akampa Ezekieli alikate mwenyewe. Gumu, kama raba ya kandambili. Irine akawauliza: mzungu akiling'ata hili, mwakani atanunua la Njombe?

Haya, hoja. Sikuipenda, ila ilikaa.

Bado minong'ono. Amon wa bodaboda akaropoka kutoka nyuma: mwenyekiti naye atasubiri? Shamba lake liko nyuma ya nyumba, nani atamwona?

Hapo damu ikanichemka. Nikasema: kuanzia leo geti langu liko wazi. Aje yeyote, saa yoyote, akague miti yangu. Likichumwa parachichi hata moja kabla ya wakati, nitolewe kwenye kiti na kila mtu auze anavyotaka.

Kisha mikono ikapanda, mpaka mkono wa Ezekieli.

Njia zote tatu, mjomba, akaninong'oneza Irine. Upuuzi! Ni kipaji.

Jumapili, 10 Novemba

Kamwene mwenyekiti! Kamwene mwenyekiti! – ndiyo salamu kanisani kote. Watatu walishapita shambani kabla ya ibada, kukagua. Wakague, wambea hao. Waone miti ya mwanaume.

Jumatatu, 11 Novemba

Lori limesimama uani kwangu.

Si la mtu baki. Ni la Lenard, Mpangwa wa Ludewa, mume wa binti yangu Jasmine. Kumbe siku hizi ni dalali wa tajiri mmoja wa Makambako! Sikuambiwa. Kaja na sukari, kaja na kitenge cha mama mkwe, kaja na makreti matupu. Jasmine yuko naye, tumbo limeshakuwa kubwa, kakaa mbele hata kushuka hawezi vizuri. Kaninong'oneza dirishani: baba, hili ndilo lori lake la kwanza, akirudi tupu kazi anapewa mwingine.

Rebeka, mke wangu, yuko jikoni. Kwa mila hawezi kusimama mbele ya mkwewe, basi ananirushia maneno kupitia mlango. Baba Jasmine, tangu lini mkwe akaondoka hapa mikono mitupu? Unataka mwanao akaishije huko?

Nimejifungia chumbani. Nimesema natafuta koti.

Nimewaza la kumwambia Lenard. Mimi, mdomo huu! Kila ninalolipanga linaishia kwenye tumbo la Jasmine.

Nachungulia dirishani. Kikundi kizima kiko getini. Bodaboda ya Amon ndiyo iliyowaleta, sina shaka. Ezekieli yuko mbele. Irine kakunja mikono, hacheki. Na yule kijana wa watu hajui lolote! Anapita akiwaamkia mmoja mmoja, anawainamia, anadhani wamekuja kumpokea mkwe wa kijiji.

Sasa kavua koti. Kaegemeza ngazi kwenye mti wa kwanza, ule mkubwa. Anageukia nyumba, anaita kwa heshima zote:

Baba, nianzie huu?

Wote wanatazama mlango wangu.