Ala Mpya ya Kisu cha Baba

Mikelenge, Kindu
Tarehe 15 Februari 2024

Mpendwa yaya Bulaimu, kaka yangu,

Assalam aleikum. Nakuomba kwanza usiirudishe barua hii kabla ya kuisoma. Kwenye simu ukisikia sauti yangu unakata, basi nimeshika kalamu, kwa kuwa kalamu haina sauti ya kukuudhi.

Mgongo unaendeleaje? Moussa, yule anayeleta chumvi na sabuni huko Obokote kwa pikipiki, aliniambia siku hizi ukitaka kusimama lazima ushike ukuta. Pole sana, yaya. Mwambie shemeji Mamy akukande kwa mawese ya moto, kama mama alivyomkanda baba. Na watoto je, wazima? Sisi hapa tunapumua. Mke wangu Mwavita ana tansion, damu inampanda. Daktari amemkataza chumvi, naye anairamba nyuma ya nyumba akijificha kama mtoto aliyevunja saumu. Mvua ni nyingi, Lualaba imejaa, na mpunga wetu wa bondeni umeoza nusu. Lakini sikuandika kwa ajili ya mpunga.

Ninaandika kwa ajili ya Latifa, mtoto wako. Ndoa yake na mwalimu Ayoubu tumeisogeza mara mbili. Sasa tumeweka Ijumaa ya kwanza baada ya Idi. Imamu anasema baba yake yu hai, yeye njo walii, ndiye wa kumwozesha, aje mwenyewe au atume idhini. Idhini uliyotuma niliisikia kwa masikio yangu, maana mtoto aliweka simu kwa sauti kubwa tukiwa tunakula, nawe ukanitaja kwa jina: "Assani njo alinikata. Yeye akuozeshe." Latifa akaacha chakula, akanawa, akaondoka. Wazazi wa Ayoubu wameanza kuulizana msichana huyu ana aibu gani hata baba yake anamkimbia. Yeye mwenyewe ameapa bila wewe haolewi, hata Ayoubu achoke aende zake. Na Ayoubu anaanza kuchoka, namwona.

Pamoja na barua hii Moussa atakukabidhi ala ya ngozi. Nimeishona kwa ajili ya kisu cha baba. Tafadhali usimgombeze Moussa. Siku ile aliyokuomba kisu eti akate kamba ya mzigo, alikilaza juu ya kartoni akakizungushia kalamu. Mimi nilimtuma. Anasema alijiona kama mwizi wa kuku.

Yaya, nilipouona ule mchoro nilikaa chini. Nilikuwa nimekwisha kuanza ala nyingine, pana, kwa kukumbuka jinsi kisu kilivyokuwa mkononi mwa baba akichinja ng'ombe wa Idi. Kumbe miaka hii yote umekinoa mpaka upana umeliwa karibu nusu! Urefu ni ule ule, ila kimekonda. Na unajua mwenyewe, kisu kikicheza ndani ya ala kinakata uzi, halafu siku moja kinatokeza na kukupasua paja. Ile pana nikaitupa.

Nikachonga kisu cha mti nikifuata mchoro. Nikalowesha ngozi ya ng'ombe siku nzima, nikauvisha ule mti ngozi ingali mbichi, nikaikaza kwa mipira ya tairi, nikaiacha kivulini siku tatu ishike umbo. Upande wa makali nikatia katikati kijikanda cha ngozi, ili makali yasifikie uzi. Mimi viatu vya watu sokoni navishona huku napiga porojo, lakini ala hii nilitoboa tundu moja baada ya jingine bila kufungua kinywa. Mwavita alinipita, akauliza: "Unashonea muntu ao unashonea malaika?" Nikatoboa tundu jingine. Imetoka nyembamba, hata ukiivaa chini ya koti haionekani.

Sasa nikuambie lililoniuma tangu mwaka 2002. Unakumbuka mji ulivyozungukwa na wapiganaji, hakuna aliyevuka kwenda shambani akarudi. Tulikula majani ya viazi yakaisha, tukachimba mizizi ya mipapai. Mama yake Latifa tulikuwa tumekwisha kumzika. Latifa ana miaka minne, miguu imevimba, nywele zimegeuka nyekundu. Ukaamua kupita msituni kutafuta njia ya Punia, urudi na chakula. Asubuhi ya kuondoka ukaniambia mimi mdogo wako: "Leki, nipe kisu ya baba." Nikakutolea kisu kimefungwa kwa kitambaa. Ala haipo.

Kwetu, kisu hakipokezwi ndugu bila ala. Anayempa ndugu yake kisu kitupu amemwambia undugu umekwisha, na kaburi lake asilifikie. Baba mwenyewe alimfanyia hivyo binamu yake, na hawakusemezana mpaka kufa. Kwa hiyo uliniuliza: "Ala iko wapi?" Nikanyamaza. Ukauliza tena, nikatazama chini. Ukasema nimewauzia askari. Ukasema nangoja ufe msituni nirithi nyumba. Ukaenda zako, na mimi bado nimesimama mlangoni kama gogo.

Yaya, ala sikuiuza. Baba aliishona kwa ngozi ya mbuzi iliyokaushwa tu, haikutiwa dawa yoyote. Siku mbili kabla hujaondoka niliikata vipande, nikailoweka, Mwavita akaichemsha tangu asubuhi mpaka alasiri. Ule mchuzi tuliokuambia jirani ametuletea kichwa cha mbuzi, njo ule. Latifa alikunywa, akalala bila kulia. Mimi nilikunywa. Na wewe ulikunywa bakuli mbili, ukalamba vidole, ukamwombea huyo jirani baraka kwa Mungu!

Ningekuambiaje? Kitu pekee baba alichotuachia kwa mikono yake tumekitafuna, na wewe umekwisha kushukuru. Niliona haya, yaya. Haya ilinifunga kinywa mbele yako wakati neno moja lingetosha. Nikajiambia akirudi na chakula nitamweleza, tutacheka. Hukurudi. Vita vilipokwisha ukaanza kumtumia mtoto nguo na salamu, mimi hata jina langu hukulitaja. Hapo kiburi kikaniingia. Nikasema na aombe msamaha kwanza, yeye aliyeniita mwizi. Upumbavu mtupu! Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Maradhi niliyoyaficha mimi yanamuumbua mtoto ambaye hana kosa lolote.

Latifa hajui habari hii. Anajua tu wazee wake wawili waligombania kisu. Kila akitoka kuongea na wewe ananiuliza: "Baba mudogo, ulimufanya baba nini?" Nami najidai natafuta sindano. Sitamwambia kabla yako. Ukipenda, utamwambia mwenyewe, ukipenda tutaondoka nayo duniani.

Sikuombi unisamehe leo. Neno ninaloomba ni moja: njoo umwozeshe mtoto. Njia ni mbaya, najua, lakini Moussa ameahidi kukubeba polepole na kukupumzisha Punia siku mbili kwa ajili ya huo mgongo. Ukishindwa kabisa, basi mpe Moussa idhini mbele ya mashahidi, lakini isiwe ile ya kwenye simu.

Shemeji Mamy nampa heshima zake, na wanao nawasalimu mmoja mmoja ingawa sura zao sizijui. Mwavita anakusalimu sana. Anasema tangu siku ile hajawahi kupika mchuzi wa mbuzi bila kukukumbuka. Dada yetu Bernadette, aliyeolewa Kibombo kwa Wakristo, naye atakuja, na ameniambia usipokuja atakufuata huko huko Obokote kwa miguu. Unamjua, anaweza.

Na kama kinachokuzuia ni uso wangu, usijali. Ijumaa hiyo, tukitoka swala ya alfajiri, nitavuka mto niende Alunguli, nikae huko mpaka wageni watawanyike. Latifa ataambiwa naumwa. Kanzu niliyoshonesha kwa ajili ya siku yake nitaiacha kwenye msumari, Mwavita atakupigia pasi. Ivae wewe, yaya, sisi tulikuwa kimo kimoja.

Mungu akulainishie njia na akurudishie nguvu za mgongo.

Wako akupendaye, hata kama hupendi kusikia,
leki yako,
Assani