Vigae Chini ya Mitungi Yangu

Mwanaidi, Mzaramo wewe,

Sikuamkii. Uliondoka bila kuniaga, na mimi nilikuwa nimekwenda kanisani tu, sikwenda Ulaya. Ungengoja nirudi. Lakini wewe kungoja hukukujua maisha yako yote, hata chai uliinywa ikiunguza, halafu ukamlaumu aliyeipika.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, usidhani Monika ananiandikia. Herufi ni zile zile za darasa la ngumbaru, ulipokuwa ukichungulia daftari langu na kunakili kila kitu, mpaka jina langu. Mwalimu akakuita Kalunde wiki nzima, nawe ukaitika.

Daftari nimeliweka juu ya mito miwili, maana nimekatazwa kuinamisha kichwa. Nimepasuliwa jicho, mtani. La kulia. Lile ulilolipigia kelele miaka yote: "Kalunde, nenda kapasuliwe. Juzi umemuuliza mbuzi habari za nyumbani, kesho utamuuliza nani?" Nikakujibu kwamba yule mbuzi alikuwa na adabu kuliko wewe. Sasa nimekwenda, na wewe hupo wa kujisifu kwamba nimekusikia. Hapo umekosea mahesabu.

Daktari mwenyewe ni kijana, ningeweza kumtuma dukani. Walinifunika uso kwa kitambaa chenye tundu moja, wakachokoa wanachochokoa, sikusikia maumivu. Asubuhi yake wakanifungua bandeji, na kitu cha kwanza kukiona ni Monika. Nikamwambia, "Mwanangu, mbona umezeeka hivyo?" Akanuna mpaka tukafika nyumbani. Mimi nilidhani bado ana zile nywele nyeusi za miaka ile. Kumbe nimemlea bibi kizee mwenzangu na sina habari.

Basi nikapewa masharti. Mwezi mzima nisiiname, nisibebe kitu, nisikae penye moshi wala vumbi, nisiguse udongo. Nikamuuliza daktari, udongo upi? Akasema udongo wote. Nikamwambia mimi nafinyanga, na udongo wa kufinyangia ni mbichi, hauna vumbi. Akamtazama Monika. Monika huyo huyo niliyemwambia kazeeka. Tulipofika tu nyumbani akaufungia udongo wangu stoo, na kile kijiwe changu cha kulainishia, na lile gunzi la kuchorea. Ufunguo akautia kwenye sidiria.

Unanijua. Sifinyangi kwa njaa, watoto wananilisha. Nafinyanga kwa sababu mikono yangu ikikaa bure inanigombeza. Siku ya nne tulikuwa mezani, nikashtuka Monika kaacha kula ananitazama. Natazama mkononi, tonge la ugali limekuwa kachungu kadogo, kana shingo na mdomo. Akasema, "Mama, hata ugali?" Nikatia mchuzi humo nikakala. Hakakuvuja.

Msibani kwako nilifanya kazi yangu yote ya utani, usije ukanidai. Nilivaa kanga yako, nikachechemea kwa goti lako bovu, nikakohoa kikohozi chako. Nikakaa mlangoni nikasema huyu Mzaramo hatoki humu mpaka nipewe kile kikombe cha bati alichokuwa akininyima. Wanaume waliokuja kukubeba walitazama chini wakiuma midomo. Zuhura wako alicheka na huku machozi yanamtoka. Kikombe nilipewa. Nakinywea uji.

Niliwakumbusha pia waombolezaji kwamba babu yako alipokuja na msafara kutoka pwani alichoka njiani, pale Tura, na babu yangu mpagazi akambeba mgongoni mpaka Tabora, mzigo wa watu ukiwa kichwani. Nikasubiri jibu lako, lile la kwamba alimbeba kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine. Hakuna aliyelisema. Hapo ndipo nilipojua kwamba umekufa kweli.

Sasa sikiliza kilichonifanya nishike kalamu.

Wiki ya pili Monika akanipeleka Ipuli kumsalimia Zuhura. Nimevaa miwani myeusi kama dereva wa basi la Mwanza. Tukakaribishwa sebuleni kwako, nikaivua nione vizuri. Ukutani pamepangwa mitungi saba. Mmoja umelala upande kama mtu anayetoka kilabuni. Mwingine mdomo umekwenda kando kama wa msengenyaji. Wa tatu tumbo lote limehamia kushoto. Na chini ya kila mmoja kumetiwa vigae na vijiwe ili usianguke. Nikasema, "Zuhura, nani kafinyanga takataka hizi?"

Zuhura akatazama mkeka. Monika akakohoa, na hana kikohozi.

Ndipo nikaona shingoni mwa kila mtungi alama ya vidole vitatu. Vyangu.

Mwanaidi, mimi nilijisifu mbele ya watu kwamba vidole vyangu vinaona kuliko macho yao. Nilikuletea mitungi hiyo mmoja mmoja, kila mwaka, nikakaa pale pale kwenye mkeka nikingoja useme. Nawe ulinitukana meno, ukanitukana ugali, ukasema naimba kanisani kama fisi aliyebanwa mguu. Haki hiyo ulikuwa nayo yote, hakuna ambaye angekulaumu. Kwenye mitungi ulisema neno moja tu: "Maji ya humu yana baridi." Miaka yote, neno hilo hilo.

Zuhura akasema, "Mama alituapisha. Alisema atakayemwambia Mama Monika asinywe tena maji ya nyumba hii."

Na wewe mwenyewe uliniambia, nikadhani ni matusi ya kawaida: "Siku ukipasuliwa, usije kwangu mwezi mzima." Nikajua unaona aibu kwa buibui wa darini. Nikakuhurumia hata. Kumbe ulitaka nafasi ya kuificha.

Niliporudi nyumbani nikamwambia Monika akae na ufunguo wake, hata mwezi ukiisha asinipe. Nimemaliza kufinyanga. Akaogopa. Akanichinjia kuku, akamwita mchungaji, akanishika paji la uso. Mwishowe akautoa ufunguo mwenyewe akauweka mezani, na mimi sikuugusa. Siku mbili nilikaa nikitazama mikono yangu kama ya mtu aliyeniibia.

Siku ya tatu nikaanza kufikiria vile vigae. Havikutupwa tu pale. Kila kimoja kilikuwa na kipimo chake. Ule mtungi wa kulala upande ulikuwa na vitatu vilivyopandana, cha juu kimesuguliwa mpaka kikakaa sawasawa. Kuviweka hivyo mtu inabidi alale kifudifudi sakafuni, asogeze, atazame, asogeze tena. Na wewe kupiga magoti kwenye swala tu ulikuwa unalia na goti hilo.

Nikamwambia Monika twende Ipuli. Nikaingia kwako bila hodi, nikauchukua ule mtungi mbaya kuliko yote pamoja na vigae vyake, kwa haki ya utani, na Zuhura hana la kusema. Monika akaubeba, mimi siruhusiwi. Uko hapa dirishani. Kila asubuhi nautukana kwa niaba yako, maana matusi yake ulibaki nayo kifuani na yalikuwa mengi.

Jicho la kushoto bado halijapasuliwa. Leo nimelifunika la kulia kwa kiganja nikautazama kwa hilo lenye ukungu. Mwanaidi, mtungi ulisimama. Shingo imenyooka, tumbo la mviringo, mzuri kabisa. Nikaelewa nilichokuwa nakuletea.

Jumatatu mwezi unaisha. Ufunguo ninao mimi, nimeutia kwenye sidiria yangu. Nakuahidi haya: nitafinyanga mtungi ulionyooka nimpelekee Zuhura, na nimemwapisha naye, ukipinda aniambie hapo hapo, mbele ya watu. Na la kushoto nitakwenda kulipasua. Mitungi yako sita iliyobaki hakuna atakayeigusa, wala vigae vyake.

Lala sasa, umenichosha shingo. Na babu yangu ukikutana naye huko, mwambie akutue. Umeshafika.

Mtani wako,
Kalunde