Taarifa ya Jioni katika Mashine Tatu

4 Februari

Kitindamimba wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko kwenye baridi yako. Sisi hatujambo, kwa kadiri ya watu waliotoka kuzika. Macho ya baba yako yanazidi kuingia ukungu, na masikio yangu yamestaafu kabla yangu. Nyumba ina mzee asiyeona na bibi asiyesikia, na siku hizi hawasemezani, kwa hiyo hakuna kinachopotea sana. Wewe je, unakula? Mgongo unaendeleaje na hayo mashuka ya hospitali unayofua kutwa?

Nakuandikia kuhusu zile mashine za kaka yako za kurekodi vipindi vya televisheni. Utakumbuka alivyozileta, tatu kwa mpigo, moja ya sebuleni, moja ya jikoni na moja ya chumbani kwa baba yako, maana tulikuwa tumeshindwa kutazama pamoja. Mzee anataka sauti mpaka vioo vitetemeke, mimi nataka picha nisome midomo. Kaka yako akaziamuru zote zirekodi taarifa ya habari ya jioni aliyokuwa akiisoma mwenyewe, akacheka, akasema sasa tutanuniana kila mtu chumbani kwake.

Na unajua mazoea yetu. Akimaliza kusoma huzikusanya karatasi zake. Akizigonga mezani mara mbili, maana yake ni Mama niwekee chakula, nakuja. Asipogonga, analala kwake. Watu wote walidhani anapanga karatasi tu.

Jioni ya ajali aligonga. Nilimwekea chakula nikakifunika.

Tangu tumzike, kila mchana naketi sebuleni namtazama. Sichagui siku, mradi ni yeye, si yule bwana wa miwani aliyeshika nafasi yake. Sasa anapungua, mwanangu. Nimeitafuta ile jioni aliyovaa tai uliyomtumia, haipo. Ile aliyopiga chafya katikati ya habari za bei ya mafuta, nayo haipo. Hapa kuna mkono wa mtu. Wiki ile ya mazishi, kabla hata wageni hawajaondoka, baba yako alimwita fundi chumbani kwake, na nikamwona fundi kwa macho yangu akiiondoa taarifa ya jioni kwenye orodha ya kurekodi. Mtu aliyeweza kumtoa mwanawe chumbani atashindwa nini kumtoa sebuleni? Yeye haoni, lakini fundi anaona, na bado anakuja kuja hapa.

Nishauri wewe unayeyajua mambo haya. Nimeibiwa mtoto mara moja, ya pili siivumilii.

Mama yako


20 Februari

Kitindamimba,

Habari za tangu niliposhika kalamu mara ya mwisho? Sisi tupo, miguu inauma kiasi. Jibu lako halijafika na roho yangu haikungoja.

Nilimkabili baba yako. Nilimwuliza mbele ya uso wake kama anamfuta kijana wetu. Akasema nimwache, akageuza kichwa upande wa ukuta. Si ndiyo wala si hapana. Tangu siku hiyo anakula chumbani na mlango ameurudishia. Namsikitikia, lakini hasira nayo ninayo, siwezi kukuficha.

Basi alipopelekwa kliniki ya macho niliingia mle chumbani. Rimoti yake ni ileile kama yangu, haikunisumbua. Nikairudisha taarifa ya jioni kwenye mashine yake palepale alipoiondoa. Halafu nikazipitia zote tatu, nikaongeza na taarifa ya asubuhi na ya mchana, kwa kuwa kaka yako naye alikuwa akimshikia mwenzake zamu mara kwa mara, huenda mashine zikamrejesha na huko. Akifuta huku, kule patabaki. Mama yako amezeeka masikio, hajazeeka akili.

Nimelala vizuri kidogo wiki hii. Jitunze, na uvae soksi.

Mama yako


27 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mwambie na Baba namwamkia. Mimi ni mzima, mgongo unalalamika lakini asubuhi unaamka nami. Barua yako ya tarehe nne nimeipata leo, nimeisoma nimekaa juu ya tenga la mashuka, na msimamizi amenipita akaniacha nikae. Nadhani aliuona uso wangu.

Mama, ngoja kidogo kumlaumu Baba. Hizo mashine zina tabia moja. Zikijaa, hazimwombi mtu ruhusa. Zinatupa ile ya zamani kuliko zote ili zipate pa kuweka mpya. Za kwetu zilikwishajaa tangu mwaka jana, kaka mwenyewe aliniambia. Sasa niambie, ya sebuleni bado ina amri ya kurekodi taarifa ya jioni? Kama inayo, basi kila jioni yule bwana wa miwani anayesoma sasa anaingia, na kaka anatoka. Hakuna mkono wa mtu. Ni amri ya kaka mwenyewe inayoendelea kutiiwa.

Na Baba, Mama, nadhani alilijua hilo. Nadhani alimwita fundi aikomeshe mashine yake ili kaka abaki mle ndani. Huenda hasemi kwa sababu hawezi kulitaja jina. Kwa hiyo ondoa amri kwenye yako ya sebuleni na ile ya jikoni, nimekuchorea vitufe nyuma ya karatasi. Ya Baba usiiguse kabisa. Mle huenda wamo wote.

Mimi sikumzika, Mama. Nina picha zake, lakini picha hazisemi wala hazipigi chafya. Mwezi wa sita nimeahidiwa likizo. Nitakuja tukae chumbani kwa Baba tumtazame sisi watatu. Hilo ndilo linaloniamsha asubuhi.

Binti yako


14 Machi

Mama,

Leo nimepata barua yako ya tarehe ishirini. Barua yangu umeipata? Kama hujaipata, weka hii chini, nenda ukachomoe waya za mashine zote tatu ukutani, uanze na ya Baba. Kisha urudi usome.

Taarifa tatu kwa siku, Mama. Zinamsukuma nje mara tatu.

Nimempigia Baba simu mpaka nimechoka. Najua aliizima tangu siku alipopigiwa habari ya ajali, lakini nimepiga tu.

Niandikie, hata mstari mmoja.

Binti yako


2 Aprili

Kitindamimba wangu,

Nakusalimu kwa upendo, na afya zetu zipo. Barua zako mbili zimefika kwa pamoja, mchana mmoja. Nilianza na ile fupi. Nilichomoa kama ulivyosema, nikaenda nikaisoma ile ndefu nimesimama jikoni. Nilipoimaliza nilikaa sakafuni.

Nilikwenda kumweleza baba yako. Nilidhani ndio anapata habari, kumbe alikuwa nayo muda mrefu. Anasema kila mchana baada ya chakula hufunga mlango, huwasha mashine na kumsikiliza kaka yako. Siku moja alibonyeza ikaja sauti ya mtu mwingine. Alidhani amekosea vidole. Kesho yake akabonyeza tena, na keshokutwa, akizidi kutafuta nyuma, na kila siku anamkuta yule mgeni hadi nyuma zaidi. Hakuweza kuona kilichoandikwa kwenye kioo, na wa kumwuliza ni mimi, ambaye nilikuwa nimemwita mwizi.

Akanivuta karibu na sikio hili linalosikia kidogo, akasema: "Mimi nilimfungia mlango asitoke. Wewe ulimfungulia."

Hakusema kwa ukali. Afadhali angefoka. Nilimwomba msamaha, akanipapasa kichwa kama mtoto aliyevunja kikombe, na mimi naona haya mpaka leo. Nimemfuta mwanangu kwa mkono wangu, nikalala vizuri.

Fundi amekuja, ameondoa amri zote. Sebuleni amejaa yule bwana wa miwani tangu mwanzo hadi mwisho. Jikoni vilevile. Ya baba yako imebaki na moja tu ambayo kaka yako yumo, nayo ndiyo ya zamani kuliko zote, na kama barua zako zingechelewa kidogo nayo ingekwenda. Ni taarifa ya siku iliyofuata ajali. Yule bwana anasoma kwamba mwenzao amefariki, kisha wanamwonyesha kaka yako mwenyewe, kidogo sana, mwisho wa taarifa ya jioni ile ya ajali, anawatakia watazamaji usiku mwema.

Hivyo ndivyo tulivyobakiwa naye. Fundi alitufundisha kuruka mbele tusipite kwenye ile habari, lakini kaka yako ni mfupi mno mle, tukiruka tunampita. Inabidi kila siku tutangaziwe kwanza kwamba amekufa ndipo tumpate.

Tunamtazama pamoja, hilo nikuambie. Baba yako kwenye kiti, mimi ukingoni mwa kitanda, ananishika mkono. Sauti ikianza ananibana nijue, nami namweleza tai ni ile ya mistari, nywele amezikata, anatabasamu. Njoo huo mwezi wa sita kama ulivyosema. Nafasi ya tatu ipo hapa kitandani.

Ila wamemkata upesi. Anasema usiku mwema, anateremsha mikono mezani, anazishika karatasi, na hapo hapo anarudi yule bwana. Baba yako haachi kuniuliza, kila siku swali ni hilohilo, kama amegonga. Nami namjibu kwamba bado, ndiyo kwanza anazikusanya.

Mama yako