Doria ya Alhamisi

Misugusugu, Kibaha
4 Juni

Shikamoo Baba,

Natumaini hujambo na kifua kimepoa. Sisi huku wazima, ila umeme ni wa mgawo na foleni ya mafuta imefika hadi kwenye geti la ofisi. Naandika kwa sababu simu yako haipatikani tangu jenereta ya kuchajia hapo dukani Kurui ikose dizeli.

Baba, Bunge limepitisha sheria ya nishati. Tangu shida hii ianze nchi nzima imerudia mkaa na misitu inakwisha, kwa hiyo kuanzia Julai ukikutwa na tanuri ni jela, hakuna faini. Doria za misitu zinapangwa ofisini kwetu, mezani kwa bosi wangu. Nakuomba uache. Umri wako si wa kulala rumande. Nimempa Abdulwahab wa bodaboda jiko la gesi akuletee.

Mwanao,
Loyce

Kurui, Kisarawe
28 Juni

Mwanangu Loyce,

Marahaba. Kifua kipo, nami nipo, tunavumiliana. Jiko limefika, linang'aa kweli. Mtungi umeshakwisha na wa kujaza hakuna mpaka Kisarawe mjini, kwa hiyo jirani yangu Mboni anaukalia akija kunisalimia. Hao waheshimiwa wakipitisha na sheria ya kuleta gesi Kurui, uniambie.

Nimekuelewa. Tangu tutoke Shinyanga na ng'ombe wakaisha, mkaa ndio uliokusomesha, lakini nitauacha. Limebaki tanuri moja nyuma ya shamba, la kupata hela ya kuezekea nyumba. Nilikwisha kuliwasha, na unajua mwenyewe tanuri halikatishwi. Ukilifukua kabla halijapoa, upepo unaingia na mkaa wote unashika moto. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unalia nikipanda juu kuziba nyufa za udongo. Likipoa napakua, nafukia shimo, basi.

Baba yako

Misugusugu
9 Julai

Shikamoo Baba,

Nisamehe, sina nafasi ya salamu ndefu. Doria inakuja Kurui Alhamisi, na shamba lako limetajwa. Ondoa kila kitu kabla ya hapo, pasionekane hata majivu. Usimwambie mtu kwamba ni mimi, nitafukuzwa kazi. Barua hii ichome.

Mwanao,
Loyce

Kurui
14 Julai

Mwanangu Loyce,

Marahaba. Anayeandika ni Mboni, maana mikono yangu imefungwa bandeji. Usishtuke. Niliondoa kila kitu kama ulivyosema. Tanuri lilikuwa bado linafuka, lakini Alhamisi ilikuwa imeshafika mlangoni. Nilimwagia maji kwa ndoo, nikapanda juu kufukua, udongo ukatitia. Moto ulinishika miguu na mikono. Mboni na mumewe walinitoa, kisha wakamaliza kufukia shimo. Barua yako niliichoma kabla sijaanza, kwa hiyo kazi yako iko salama.

Sikusikia gari, labda ni haya masikio yangu. Niambie, walipita? Walisema nini walipokuta pako safi?

Baba yako

Dada, haya ya chini ni yangu, sikumsomea. Hakuna gari lililokuja. Muuguzi wa zahanati anasema moto umeingia ndani sana, tusimdanganye mtu kwamba atapona. Gari la wagonjwa halina mafuta. Baba halali, anasikiliza barabara tu.
Mboni

Misugusugu
16 Julai

Mboni mdogo wangu,

Karatasi hii usimsomee. Doria iliahirishwa, gari lao lilikosa dizeli. Niliambiwa Alhamisi asubuhi, sikuwa na njia ya kumpata. Nilidhani tanuri limeshapoa, na sikumuuliza. Tangu jana natafuta gari lenye mafuta, nikilipata nakuja papo hapo. Abdulwahab anatangulia na barua. Msomee ile ya pili, polepole.

Dada yako,
Loyce

Misugusugu
16 Julai

Shikamoo Baba,

Natumaini maumivu yamepungua. Mboni ananiambia unakula uji kidogo kidogo, endelea hivyo hivyo.

Walipita, Baba. Gari lao ni jipya, halina kelele, ndiyo maana hukulisikia. Walizunguka shamba lote wakakuta udongo na majani, wakaandika kwamba Mzee Ngeleja hana kosa. Bosi ameniambia mwenyewe. Hawatarudi tena.

Sasa lala, Baba.

Mwanao,
Loyce