Burashi Uliyoniachia

Kawempe, Kampala
22 Juni 2025

Mpendwa Mjomba Fadhul,

Assalamu alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kibra, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua unapopanda ngazi. Sisi hatujambo, isipokuwa Bibi. Ningeweza kukupigia simu, lakini naona aibu kuyasema haya huku nikiisikia sauti yako.

Unakumbuka ulipomjengea mama yako jiko la kuni lenye bomba la moshi, ulinikabidhi burashi ya waya yenye mpini mrefu. Ulisema kila mwisho wa mwezi nifungue kofia ya bomba, nisugue masizi hadi chini, kisha nizoe jivu. Mjomba, hadi wiki hii burashi ile ilikuwa bado imo kwenye nailoni yake.

Kabla ya Idi, tulipokuwa tukisugua masufuria yang'ae kwa ajili ya wageni, nililisugua na bomba, lakini kwa nje tu. Nikalipaka rangi ya fedha, nikakutumia picha. Ukanisifu kwa ukoo mzima. Nilizifurahia sifa zile, sitakuficha.

Jumamosi ya wiki iliyopita tulimsomea Babu hitma. Pilau aliisimamia Bibi mwenyewe, unamjua, sufuria kubwa hamwachii mtu. Moshi ukaanza kurudi ndani. Alikohoa mpaka akaanguka kando ya kuni. Tukambeba nje, na pale mbele ya wageni nikasema kwamba Mjomba alikosea vipimo vya bomba. Nilisema bila haya.

Fundi Oloo, jirani yetu, akapanda juu akatoa masizi makarai mawili. "Hii bomba haina shida," akasema. "Fadhul alijenga muzuri. Shida hakuna mutu ya kusafisha." Wageni wote wakanigeukia. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia kwenye karai la Oloo.

Bibi alilazwa siku tatu. Amerudi, ila sauti imekauka na kifua bado kinamkwaruza. Bomba nimelisafisha kwa mkono wangu, na hivi naandika kucha zingali nyeusi.

Nilipomwomba radhi ndipo nikajua jambo linaloniuma zaidi. Kila ulipompigia ukamwuliza habari za moshi, alikujibu kwamba hakuna, huku akifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Alijua tangu Ramadhani kwamba silisafishi bomba. Hakutaka unigombeze.

Amenikataza nisikwambie. Nimemkaidi, kwa sababu siwezi kumwacha mzee wa miaka themanini na moja aendelee kusema uongo kwa ajili yangu. Ukipiga simu, usimwulize yeye habari za moshi. Niulize mimi.

Nisalimie mkaza mjomba Zubaida na Abdul-Latif. Mungu akuzidishie afya, na aibariki mikono iliyolijenga jiko lile.

Mpwa wako akupendaye, na anayeona haya,
Nabilah