Kosa Lililobaki kwa Jina Lako

Dada Subi,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu wewe ungeliona kabla hata sijakaa. Foleni ya malori imerefuka tena wiki hii, na madereva wa kutoka Nakonde, upande wa pili wa mpaka, wanakuja dirishani wakiniita bamudala, mzee, ingawa wanaona kabisa sina hata ndevu. Nagonga mihuri, nakagua nyaraka za mizigo, naitikia. Kwenye kiti chako kando ya printa amekaa binti mpya. Ni mpole. Sijaweza kumwambia kwamba droo ya chini hufunguka ukiinyanyua kwanza.

Nina jambo la kukuambia, na nimelizunguka tangu tulipotoka kanisani kukuaga.

Unakumbuka uliponieleza mara ya kwanza ile kazi yako nyingine, ya kuandika maktaba ya kompyuta? Nilidhani maktaba ni vitabu. Ulicheka mpaka ukakohoa. Ukasema kila programu, hata iwe na kiburi gani, inahitaji wa kuipimia maneno, wa kuyanakili, wa kuiombea nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na maktaba ya C, ile lugha ya kuandikia programu, ndiyo inayofanya kazi hizo za jikoni. Wewe na wenzako wa mtandaoni mlikuwa mnaandika iliyo ndogo na nyepesi, kwa ajili ya mfumo huria ambao yeyote anauchukua bure, ili hata ile kompyuta kuukuu ya shule kule kwenu Itaka iamke. Na iliamka. Tulikuwepo.

Uliponifundisha na mimi kuandika programu, niliogopa kuzituma kwenye mradi kwa jina langu. Nilisema bosi akiona. Nilisema wale wa ng'ambo watanicheka. Ukaniambia, "Wewe Amosi, unamwogopa mpaka mtu usiyemjua sura! Haya, tuma kwa langu, ukikomaa utahama." Sikuhama. Miaka miwili nilijificha humo.

Sharti lako lilikuwa moja: kabla ya kutuma nikusomee kwa sauti, mstari kwa mstari, hata kwa simu. "Hapo umeruka. Rudi." Siku ile ulikuwa umelazwa hospitali, sauti imekwisha. Nilikuwa nimeandika kile kipande kidogo cha kutengeneza nakala ya neno. Ukauliza, "Umekisoma?" Nikasema nimekisoma. Sikuwa nimekisoma. Niliona ni mistari sita tu, na nilitaka upumzike. Hapana. Nilitaka mimi nipumzike.

Nilihesabu herufi za neno, nikaomba nafasi ya herufi hizo tu. Nilisahau nafasi moja ya ile sifuri inayofunga neno. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Lilijificha kwa sababu maktaba yetu hugawa nafasi kwa mafungu ya kumi na sita, kwa hiyo karibu kila neno lilibakiwa na upenyo. Mwezi uliopita mtu mmoja aliliita faili lake kwa jina lenye herufi kumi na sita kamili, mashine yake ikaanguka.

Walilitafuta kosa, wakakuta jina lako. Hawakukutukana. Afadhali wangetukana. Msimamizi wa mradi aliandika kwa upole kwamba marehemu alikuwa mgonjwa, huenda akili haikuwa imetulia, basi ni busara kuondoa yote aliyoandika miezi ile ya mwisho na kuyaandika upya. Yote, dada. Pamoja na kigawa nafasi chako, kipande kinachogawa hayo mafungu, ulichokiandika kitandani, dripu mkono wa kushoto, unabonyeza kwa wa kulia peke yake. Kile ambacho hakijawahi kukosea.

Nilisoma, nikafunga. Siku nne sikujibu. Nilijiambia kwamba wewe huna tena cha kupoteza.

Jana nilikwenda Itaka kumsaidia mama yako kuchuma kahawa. Tukiwa katikati ya mibuni akaniuliza, "Mwanangu, ile kazi ya Subi ya kwenye kompyuta, bado wanaitumia?" Nikasema wanaitumia, mama. Akasema, "Basi vizuri. Manesi walikuwa wananigombeza mimi, 'Mama, mnyang'anye hiyo kompyuta!' Ningemnyang'anya vipi, na yule alivyo mbishi?" Akacheka, akaendelea kuchuma. Mimi niliweka kikapu chini.

Nilituma jibu kwa mradi kabla ya kuondoka, pale nyuma ya nyumba yenu ambapo mtandao unashika. Niliandika kwamba kosa ni langu, nililituma kwa jina lako, na nilikudanganya kwamba nimelisoma. Nikaweka jina langu kamili.

Jibu limekuja leo. Halina maneno matamu. Kigawa nafasi chako kinabaki, na jina lako juu yake. Nilivyoandika mimi, miaka yote miwili, nitavitaja kimoja kimoja, nao watavikagua upya. Kitakachoshindwa kitatupwa. Wameuliza kama niko tayari kuanza kesho jioni, mbele ya wanamradi wote.

Nimejibu niko tayari. Usidhani nimekuwa mtu mwingine, dada. Bado nawaogopa wale nisiowajua sura. Lakini nakuahidi sitaacha kipande changu hata kimoja kikae chini ya jina lako. Hata vile vizuri. Hata kile walichokusifia wewe, ukanitazama uone kama nitasema ni changu.

Pumzika sasa. Huku nitajibu mwenyewe.

Amosi Silwimba